Aliyesema "Nenda"

Nianze na swali ambalo limenisumbua tangu mwaka 2016, nilipokuwa na miaka kumi na saba, kijana wa spana katika gereji bubu moja hapa Bagamoyo. Kosa ambalo halikumdhuru mtu yeyote, ni kosa? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu lile lilinigharimu heshima yangu mbele ya mtu niliyempenda kama baba.

Gereji yetu ilikuwa chini ya mwembe, si mbali na barabara iendayo Dar es Salaam. Haikuwa na leseni ukutani kwa sababu hata ukuta haukuwepo. Ndiyo maana ya gereji bubu: haisemi kwamba ipo, lakini kila dereva anaijua. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Mji mzima ulimwita Fundi, basi, kana kwamba wengine wote walikuwa wanabahatisha.

Ngazi za kazi ile hazijaandikwa popote, lakini zipo. Kwanza unafagia na kusukuma magari yasiyowaka. Kisha unaosha vyuma kwa petroli mpaka vidole vinachubuka. Halafu unakabidhiwa spana, si za kufungulia bali za kuleta: "Lete kumi na mbili! Lete kumi na nne! We dogo, hiyo si kumi na saba hiyo?" Siku mkono wako utakapoijua kumi na nne gizani bila kusoma namba, umepanda ngazi moja. Baada ya hapo jeki na matairi, kisha breki, kisha gia boksi, na mwisho kabisa injini. Wapo wanaokwenda VETA wakarudi na cheti. Wapo ambao cheti chao ni mafuta machafu yaliyoganda chini ya kucha. Lakini wote wakifika mbali huishia mahali pamoja, mahali ambapo fundi hashiki tena spana. Fundi wetu alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, akasikiliza injini amefumba macho, akauliza maswali mawili matatu, na mwisho wa yote akamwambia dereva neno moja: "Nenda." Bila neno hilo gari halikutoka chini ya mwembe.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za mbio za magari (magazeti ya kufungia vipuri ndiyo yaliyonifundisha kusoma kila kitu) niligundua kwamba huko Marekani wapo watu wanaolipwa fedha nyingi kwa neno hilohilo. Chama chao cha NASCAR kilianzishwa mwaka 1948, kushindanisha magari yenye sura ya magari ya kawaida, kama yale ambayo mtu angenunua dukani. Dereva ndiye anayeonekana. Lakini nje ya njia ya mbio, juu ya jukwaa lake, amekaa mkuu wa mafundi ana redio masikioni. Ndiye anayeamua gari litengenezwe vipi kabla ya mbio, tairi zibadilishwe lini, mafuta yatiwe kiasi gani, na gari lililogongwa lirudi mbioni au libaki. Njia yao ya kupanda nayo haina tofauti kubwa na ya mwembe wetu. Ray Evernham alitaka kuwa dereva, ajali ya mwaka 1991 ikamrudisha kwenye spana, na akiwa mkuu wa mafundi wa Jeff Gordon wakatwaa ubingwa miaka ya 1995, 1997 na 1998. Chini ya Evernham huyo alikuwepo kijana mmoja wa kubadili tairi, Chad Knaus, aliyekuwa amejifunza spana utotoni kwa baba yake aliyeshindana kwenye viwanja vidogo. Knaus naye akapanda mpaka jukwaani, na pamoja na dereva Jimmie Johnson wakachukua ubingwa mara 7.

Sasa nirudi kwenye mwembe, maana huko ndiko kwenye aibu yangu.

Asubuhi moja ililetwa Coaster ya abiria, ya Bagamoyo kwenda Makumbusho. Breki za nyuma zilikuwa zinalia. Nikafungua gurudumu, breki zikarekebishwa, nikaambiwa nirudishie. Dereva alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. "Dogo, fanya chapchap, zamu yangu inapita, hesabu ya bosi nitaitoa wapi?" Nilipokuwa nakaza nikakuta nati mbili zimekula meno. Unazungusha, zinazunguka tu, hazishiki. Duka la spea lilikuwa halijafunguliwa. Nikatazama dereva, nikatazama saa yake, nikazisukumiza zile nati mbili zikae pale kwa sura, nikafuta mikono.

Fundi akauliza kutoka kwenye kiti: "Umekaza zote?"

"Ndiyo, Fundi."

"Nenda," akamwambia dereva.

Siku ile sikula mchana. Nilikuwa nalisindikiza lile gari kwa akili: sasa wako Zinga, sasa Kerege, sasa wanateremka Mapinga, sasa wanavuka mto Mpiji waingie Bunju. Kila gari lililotoka upande wa Dar nililitazama uso wa dereva wake, kama amebeba habari. Jioni Coaster ikarudi. Konda alikuwa anaimba! Dereva akanipa elfu mbili, "Ya soda hiyo dogo, breki safi sana leo." Nikazipokea. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani.

Fundi alikuwa na desturi moja ambayo sisi vijana tuliiona ya uzee: gari lililotoka kwake asubuhi likirudi jioni, alilizunguka na spana ya magurudumu akagusa nati moja moja. Akaizunguka Coaster. Alipofika gurudumu la nyuma hakuhitaji spana. Nati ilizunguka kwa vidole.

Hakunitazama. Alimwita dereva. "Mwanangu, gari hili asubuhi nililiruhusu nalo ni bovu. Nisamehe." Akatoa mfukoni fedha zote alizolipwa asubuhi, akamrudishia. Dereva akacheka kwa mshangao, "Sasa Mzee, si limekwenda na limerudi?" Lakini fedha alichukua. Keshokutwa yake akahamia chini ya mwembe mwingine, na Coaster nyingine mbili za tajiri yuleyule zikamfuata.

Nilikasirika. Naam, mimi mwenye kosa ndiye niliyekasirika. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Fundi, kwa nini umesema? Hakuna aliyekufa." Akanitazama muda mrefu. "Kwani asubuhi nilijua kwamba hatakufa mtu?"

Hakuongeza neno. Na tangu siku ile hakuniuliza tena kama nimekaza zote. Alisimama kutoka kwenye kiti chake, goti linamuuma, akaja kukaza mwenyewe. Ningependa angenichapa.

Miaka imepita na hasira imegeuka kuwa hoja. Nimekuja kusoma kwamba mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, waliandika makala mbili zenye jina moja, zikizungumzia bahati inavyoingilia maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori ambaye amezembea kukagua breki. Mtoto akikatiza barabarani akagongwa, dereva yule atajilaumu maisha yake yote, na watu watamlaumu. Mtoto asipokatiza, uzembe ni uleule, breki ni zilezile, lakini mtu anakwenda nyumbani kula. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana profesa huyu angekaa vizuri kabisa kwenye benchi letu chini ya mwembe. Tofauti ya watu wale wawili ni mtoto, na mtoto hakuwa mikononi mwa yeyote kati yao.

Sisi tunalo jina la jambo hili, nalo limechakaa kwa kutumiwa. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala unasema "bahati mbaya". Basi likipinduka tunasema "ajali haina kinga", wengine wanamtwika Mungu. Methali ile si ya uongo, lakini angalia nani anaisema na lini. Akiisema mfiwa, ni faraja. Akiisema fundi, ni maficho. Na kama matokeo mabaya ni bahati mbaya, basi salama yangu ya siku ile nayo ilikuwa bahati tu, bahati njema. Zile elfu mbili za soda zilikuwa malipo ya nini?

Wapo watakaosema dawa yake ni nyepesi: fundi apande mwenyewe gari alilolitengeneza. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu historia ya mbio za kwetu ina watu wa namna hiyo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikulia kwenye spana, fundi kabla hajawa dereva. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na Safari yenyewe haikuwa mchezo. Ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye tope na vumbi, kwenye barabara ambazo ng'ombe na mabasi walikuwa wanazitumia siku hiyohiyo. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mara. Mtu kama Joginder akisema "nenda" anajiambia mwenyewe. Nati ikilegea, shingo ni yake.

Lakini hoja hiyo hainitoshi. Kwanza, uhodari si ruhusa. Mimi wa miaka kumi na saba ningeipanda ile Coaster bila wasiwasi, ningening'inia mlangoni kabisa nikipiga mluzi. Ujinga wangu wa kutoogopa kifo ungempa nini yule mama aliyekaa siti ya nyuma ana kapu la pweza wa kwenda kuuza? Mtu kuwa tayari kuhatarisha roho yake hakumpi haki ya kuhatarisha ya mwingine. Pili, dunia imeshakuwa kubwa kuliko Joginder. Wengi wetu tunatuma watu tusikokwenda. Daktari hanywi dawa anayoiandika. Fundi wa majahazi hapa pwani anaziba nyufa kwa pamba, anapaka sifa, chombo kinashuka majini, yeye anabaki mchangani.

Nisimame kidogo kwenye neno hilo, maana Kiswahili kina mzaha wake. Sifa ni yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za chombo, yananuka mpaka mbwa anakimbia. Na sifa ni kusifiwa. Sijui kama maneno haya ni ndugu au yamekutana njiani tu, lakini mahali pa sifa ya kwanza ni chini, kwenye maji, ambako hakuna anayetazama. Mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, msaidizi wake akiwa Chris Rothwell. Orodha za washindi zina majina hayo mawili. Aliyekaza nati za ile 404 hayumo. Kama ingechomoka gurudumu, nadhani jina lake lingetafutwa usiku huohuo.

Hapo ndipo naiona tofauti ya mkuu wa mafundi na fundi wa kawaida, na si mshahara. Ni kwamba mikono ya wengine inafanya kazi, neno ni lake, na kosa la mikono yote linapanda mpaka kwenye neno. Mwaka 2006 gari la Jimmie Johnson lilikutwa na ujanja uliokatazwa kwenye kioo cha nyuma kabla ya mbio za Daytona 500. Knaus akatimuliwa uwanjani na kufungiwa. Dereva aliendesha, akashinda, mkuu wake wa mafundi hayupo. Unaweza kuona ni uonevu, mwingine kombe na mwingine kifungo. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka Fundi akisema "nililiruhusu", hasemi "kijana amenidanganya". Angeweza kusema. Ilikuwa kweli.

Lakini kuna habari nyingine ya huko iliyonigusa zaidi kwa sababu ni ya nati, na ni ya mwaka uleule wa kosa langu. Enzi hizo gurudumu la magari hayo lilikuwa na nati 5 (tangu 2022 ligi yao kuu inatumia nati moja kubwa katikati). Mwaka 2015 wasimamizi waliacha kuzihesabu nati wakati wa kubadilisha tairi. Unajua kilichotokea. Kila nati inakula nukta ya saa, na mbio zinashindwa kwa nukta, kwa hiyo timu zikaanza kukaza pungufu. Aprili 2016 dereva Tony Stewart akalalamika hadharani kwamba siku moja mtu ataumia. Unafikiri alishukuriwa? Alitozwa faini ya dola 35,000 kwa maneno yake. Siku chache baadaye sheria ikabadilishwa: nati zote 5 zikazwe, na gari likikutwa limelegea, adhabu inamwendea mkuu wa mafundi. Hata kama gurudumu halikuchomoka. Hata kama gari limekwenda na limerudi.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Matajiri wa NASCAR na kamera zao zote walifika, baada ya kumtoza faini msema kweli, mahali ambapo mzee mmoja wa Bagamoyo alikuwa amekaa siku zote kwenye kiti chenye mguu wa waya: kosa linahesabiwa pale linapofanywa.

Hata hivyo sitaki kumfanya Fundi malaika na kuwaacha wengine tukipiga makofi. Mkuu wa mafundi wa Marekani akisema "hapana, halitoki", mshahara wake unatoka kwa mwenye timu na mkataba anao. Fundi wetu akisema "hapana", gari linasogea hatua hamsini hadi mwembe wa pili, ambako atapatikana wa kusema "nenda". Ile hapana inatolewa kwenye unga wa watoto wake. Tunawapandisha vijana wetu ngazi zote, spana, jeki, breki, injini, na ngazi ya juu kabisa, ile ya kukataa, tumeiweka mahali ambapo anayeifikia anakufa njaa. Je, ni haki kumdai mtu maskini ujasiri ambao sisi tuliomzunguka tumeupandisha bei? Nimebishana na wenzangu juu ya hili mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema huwezi kudai. Mimi nasema unaweza, kwa sababu yule mama wa pweza naye ni maskini na hakuulizwa. Lakini bei hiyo haikupandishwa na fundi peke yake. Tajiri anayetaka hesabu yake kamili iwe mvua iwe jua ameipandisha. Dereva anayepiga honi ameipandisha. Na abiria je?

Waandishi wenzangu, msidhani tumepona kwa kuwa hatushiki grisi. Sentensi niliyoitia kwa sababu ukurasa ulikuwa haujajaa, najua si kweli ila inapendeza, ni nati iliyokaa pale kwa sura.

Fundi alirudi kwao, goti likamshinda. Gereji haipo, mwembe upo. Nilimwomba radhi siku ya kuondoka kwake, akaniambia, "Mimi nilishamwomba mwenye gari," kana kwamba radhi yangu imekosea anwani. Na kweli ilikosea. Yule dereva mpaka leo namwona stendi, tunasalimiana vizuri, ananiita mwandishi. Sijamwambia.

Wiki iliyopita nilikuwa nasafiri kwenda Dar. Kabla ya kupanda nilipita nyuma ya gari, nikainama kwenye gurudumu la nyuma, nikaanza kuhesabu. Konda akapiga bodi kwa kiganja. "Panda basi braza, umekuwa trafiki?" Ndani wakaanza kupiga kelele twende, twende bwana, jua hili! Nilikuwa nimefikia nati ya nne. Nikapanda.